Mmeshapaua? Kaeni kwanza niwasimulie

Jumamosi nilipita saiti kwa wadogo zangu wawili, mtu na mkewe, nyumba yao imepauliwa juzi tu. Nikawakuta wanabishana rangi ya sebule. Rangi! Lipu haijaanza, seremala anasimamisha fremu ya mlango juu ya jamvi, ile zege ya chini isiyomaliziwa, chini amechomeka kipande cha tofali, na hakuna aliyemuuliza kwa nini kipande hicho na si kingine. Tumbo likaniuma. Nilipowaambia wasubiri kidogo, wakanijibu kwa sauti niliyoijua, maana ilikuwa yetu, mimi na mume wangu, enzi tukijenga: "Hilo tutaliona huko mbele, dada." Basi naandika, kwa ajili yao na ya wote mliopiga bati mkadhani kazi iliyobaki ni ndogo.

1. Mabomba ya nyaya na ya maji yakishalazwa ukutani, pigeni picha kila ukuta kabla ya lipu, na futi kamba ionekane ndani ya picha. Picha isiyo na kipimo itawaambia bomba lipo. Lilipo hasa mtaambiwa na drili.

2. Bomba za maji zifungwe ncha zote, zijazwe maji kwa presha, zilale hivyo usiku mzima kabla hazijafukiwa. Fundi bomba akiapa kuwa hazivuji, mshukuruni, halafu zilale hivyo hivyo.

3. Usawa wa sakafu. Hapa geuzeni ndoo mkalie.

Jamvi letu lilikuwa na mabonde. Kona moja ya sebule ilikuwa chini kwa vidole viwili na hatukujua, maana kwa macho jamvi ni jamvi tu. Seremala akaja, akasimamisha fremu, kila moja ikianzia pale jamvi lilipoikuta. Fundi bomba akaja siku yake, akaacha uso wa trapu ya bafuni, lile tundu la sakafuni linalopokea maji, sentimita 4.5 juu ya jamvi kwa kuwa ndipo bomba lake lilipoishia. Fundi vigae akaja wa mwisho. Akasimama kwenye korido, mwiko mkononi, akaniuliza swali nililoliona la kitoto: "Mama, usawa wangu ni upi?"

Nikagonga jamvi kwa kiatu. "Si huu hapa?"

Akanitazama. Nilijua kuna kitu anakijua, nikaona haya kuuliza. Bosi wa saiti aulize jamvi ni nini?

Hesabu yenyewe wala si ngumu. Saruji ya sakafu sentimita 4, gundi nusu, kigae 1: chumba kikapanda 5.5. Bafuni, kutoka kwenye trapu hadi mlangoni ni mita 2. Ukitaka maji yaende yenyewe, ipe sakafu mteremko wa sentimita 1.5 kwa kila mita. Ongeza 3 juu ya 4.5, pale mlangoni unafika 7.5. Bafu lingekaa juu ya chumba cha kulala kwa sentimita 2, wakati bafu ndilo linalopaswa kuwa chini. Fundi, Mungu ambariki, aliniita akanionyesha kwa rula. Nami kwa ulimi wangu mwenyewe nikasema, "Sitaki mtu ajikwae usiku. Sawazisha." Akasawazisha. Mteremko uliobaki ni sentimita 1 kwa mita zote mbili.

Usiku wa kwanza tulilaza godoro chini, kitanda kilikuwa hakijafika. Mume wangu akaingia kuoga, anaimba. Maji yakaizunguka trapu kama mgeni anayesita kupiga hodi, kisha yakachagua mlango. Nilikuwa nimejilaza, kisigino kikawa cha kwanza kupata habari.

Tulivumilia wiki mbili kwa matambara, halafu tukavunja. Kigae kilichoshika vizuri hakitoki kizima, kinatoka vipande vya ukubwa wa kucha. Mume wangu alivizoa kwenye ndoo siku nzima bila neno, na kile kimya kilinipigia kelele kuliko patasi. Trapu ikashushwa hadi sentimita 1.5 juu ya jamvi, dawa ya kuzuia maji ikapakwa upya, mlangoni tukafika 4.5, na bafu likawa chini ya chumba kwa sentimita 1 kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Na milango je? Shata, yaani milango yenyewe inayoingia kwenye fremu, tulikuwa tumeshazinunua. Zikakatwa chini sentimita 5 na zaidi, ubao mgumu wa chini ukaisha wote, ndani ikaonekana ile karatasi ya masega inayojaza mlango. Moja bado iko hivyo. Hakuwahi kunilaumu, ila mpaka leo nikisema "sawazisha" kwa jambo lolote lile, anatazama miguu yake.

Dawa ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejazwa maji, hauna hata povu moja: maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja, hata ncha moja ikiwa chumba kingine. Kabla ya fremu, kabla ya trapu, amueni sakafu iliyokamilika itakaa wapi. Pimeni mita 1 juu yake, choreni mstari huo kuzunguka nyumba nzima, chumba kwa chumba. Kila fundi apime kushuka kutoka kwenye mstari. Lipu ikiufuta, choreni tena siku hiyo hiyo.

4. Vigae nunueni na ziada ya asilimia 10, na maboksi yote yawe na namba moja ya toleo. Tulipovunja bafu tukarudi kununua, toleo letu lilikuwa limeisha. Bafu letu lina weupe wa aina mbili. Wageni hudhani ni urembo, nasi hatuwasahihishi.

5. Lipu imwagiliwe maji wiki nzima, kisha iachwe ikauke kama mwezi ndipo mwanze praima, ile rangi ya kutangulia. Najua mna haraka. Rangi haina haraka, itabanduka kwa wakati wake.

6. Wawili mkimwagiza fundi mmoja, atafuata agizo lililo jepesi. Mmoja aongee, mwingine amvute mwenzake pembeni wabishane huko nyuma ya tangi. Sisi tulibishania swichi ya chumbani mbele ya fundi umeme, kila mmoja na ukuta wake. Akaiweka alipoona panafaa, na mlango ulipokuja kufungwa bawaba ukafungukia upande huo huo. Mpaka leo tukiingia gizani tunapeleka mkono nyuma ya mlango kama mtu anayepapasa mayai chini ya kuku. Choreni kwa chaki mlango unafungukia wapi na kitanda kinakaa wapi, ndipo mumwite wa umeme.

Na nyie wawili mnaojijua: mpira wangu wa maji niliuacha juu ya mifuko ya saruji, pale dirishani. Msiukate kumwagilia lipu. Jirani yangu anasimamisha fremu Jumatano, naufuata Jumanne jioni, na nikija nitaomba kuonyeshwa mstari.