Kupasua vibao vyembamba nyumbani: randa itangulie msumeno

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba kila anapopasua ubao wa mninga ili apate vibao vya kutengenezea visanduku, kibao hutoka kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, na kwamba sasa anafikiria kununua msumeno wa mkanda, yaani mashine yenye utepe wa meno unaozunguka. Nilimjibu asubiri kwanza, kwani tatizo lake huanzia kwenye randa, si kwenye msumeno. Sisi tunaofanya useremala barazani, ninavyoamini, tunatafuta jambo moja: kisanduku ambacho mgeni akikishika atauliza kimenunuliwa wapi.

Mimi nilianza kupasua kwa mkono kwa sababu nilikataliwa. Nilipeleka ubao wangu kwenye karakana moja yenye mashine, nikaomba nipasuliwe vibao vya milimita 4, na mwenye mashine akanijibu mbele ya wateja wake kwamba yeye hafanyi kazi za kitoto, niende nikanunue plaiwudi. Maneno yale hayajanitoka. Mwezi huu nimekamilisha kisanduku cha kuwekea vito ambacho kifuniko chake ni vibao viwili vya mninga vilivyotoka katika ubao mmoja, vikafunuliwa kama kurasa za kitabu ili mistari ya mti ikutane katikati, na aliyekiagiza alilipa bila kuomba apunguziwe. Bwana yule wa plaiwudi angekiona!

Unene wa kibao huamuliwa kabla msumeno haujashikwa. Uso mmoja wa ubao urandwe hadi unyooke, kisha ukingo mmoja urandwe na kupimwa kwa guniya, yaani kipimo cha pembe mraba, kutoka kwenye uso huo. Mstari wa unene upimwe kutoka kwenye uso uliorandwa, nao uchorwe kwenye kingo zote mbili na ncha zote mbili. Kibao cha kwanza kikishatoka, randa tena uso wa ubao uliobaki kabla ya kuchora mstari wa pili. Hapo ndipo wengi wanapofanya uvivu, na mkato wa kwanza ukiwa umepinda, kibao cha pili huurithi upogo huo. Narudia: randa, chora, pasua, kisha uanze upya kwa randa.

Msumeno wenyewe uwe wa kupasulia, wenye meno makubwa, yapata matano kwa inchi moja, kwa kuwa ule wa kukatia mbao kwa kukingama utakuchosha na kuhama mstari. Simamisha ubao kwenye jiriwa, kile kifaa cha kubania mbao, anzia kwenye pembe, pasua kwa mshazari ukiutazama mstari wa ukingo ulio mbele yako, kisha ugeuze ubao na kufanya vivyo hivyo upande wa pili. Msumeno ukianza kukwama, upake nta ya mshumaa.

Mashine zina faida yake, lakini tuhesabu. Diski ya msumeno wa mviringo hula takriban milimita 3 kwa kila mkato, na ule wa mkanda hula takriban milimita 1. Katika ubao wa milimita 25, ukitaka vibao vya milimita 4 na kuacha milimita 1 ya kuranda kwa kila kimoja, wa mviringo utakupa vitatu na wa mkanda vinne. Mimi kwa mkono hupata vitatu, na sioni haya. Anayetumia msumeno wa meza, yaani ule wa mviringo uliofungwa kwenye meza, asiruhusu kamwe kibao chembamba kibanwe kati ya diski na kizuizi cha kuongozea ubao, kwani hurushwa nyuma kwa nguvu.

Kwa anayeanza, mninga unafaa kuliko mvule, kwa sababu hausinyai sana, ilhali mvule mara nyingine huwa na vijiwe vya chokaa ndani vinavyoua meno ya msumeno. Vumbi la mvule pia huwasha pua na ngozi, hivyo funika uso.

Vibao vikishatoka visiachwe wazi juani. Mara nyingi ndani ya ubao huwa na unyevu zaidi kuliko nje, na uso mpya ukipigwa na hewa upande mmoja tu, kibao hujikunja. Vipange kivulini kwa kutenganisha na vijiti vya unene mmoja, uweke mzigo juu, na usivipeleke kwenye gundi mpaka viwe vimeacha kucheza.