Kisu cha springi au cha tupa?
Mdogo wangu, umeuliza kati ya kisu kilichofuliwa kwa chuma cha springi ya gari na kilichofuliwa kwa tupa, ile ya kunolea, kipi cha kubeba kila siku hapo Moshi. Chukua cha springi. Cha tupa kinashika makali muda mrefu, ila fundi asipokirudisha kwenye moto kupunguza ugumu, kikidondoka kwenye sakafu ya saruji kinaweza kukatika. Cha springi kinavumilia, na makali yakiisha unakinoa upesi kwenye jiwe. Kabla ya kulipa angalia kitako cha mpini: chuma kifike mpaka mwisho, ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshika mpini, zisicheze. Igeuze ala juu chini. Kisu kikichomoka, acha. Inchi 4 bila mpini zinatosha, sime mjini ni kujitafutia askari tu. Vyote vinashika kutu, kwa hiyo ukimenya ndizi mbichi futa utomvu, paka mafuta.