Kabla Hujauza Vitz Yako Uchukue Gari la Juu, Tafuta Futi Ukapime Geti

Wiki iliyopita dada mmoja wa Tabata, msomaji wa siku nyingi, aliniandikia. Ana Vitz ya toleo la kwanza, ile yenye dashibodi katikati, aliyoachiwa na mama yake. Inawaka asubuhi bila ugomvi, mafuta inanusa tu. Tatizo ni ofisini, wanaiita bebi woka, kile kigari cha mtoto kujifunzia kutembea. Mkopo wa benki umeshapita na dalali ameshamtumia picha za gari la juu, jeupe, namba E, yaani usajili wa karibuni. "Kaka, nishauri. Niuze?"

Nilimjibu kwa kifupi siku ileile. Hapa nataka kumjibu kwa kirefu, kwa sababu najua wengi wenu mko naye. Wewe na mimi tunataka vitu vilevile: kiwanja chenye hati, nyumba isiyo ya kupanga, na gari ambalo ukishuka ukweni hakuna anayeuliza umekuja na nini. Kwa hiyo tusijifanye hapa kwamba hatujali macho ya watu. Tunajali.

Nianze na mimi, maana ushauri wa mtu usiyejua katokea wapi ni porojo.

Mimi naendesha Starlet ya mwanzoni mwa miaka ya tisini. Namba A, usajili wa zamani. Wa Dar mnajua maana yake, mtu anasoma herufi ya namba yako kabla hajakupa salamu. Kazi yangu ni kadi za harusi, mihuri na mabango madogo, karakana iko Kariakoo, na Starlet ndiyo gari la ofisi, la familia, la msiba na la sokoni. Nimeshabeba ndani yake maboksi ya kadi mpaka dari, mke wangu mbele, mtoto juu ya mapaja yake (ndiyo, najua, siku hizi hatufanyi hivyo, ana kiti chake nyuma).

Sasa kuna siku ilikuwa send-off ya mdogo wake mke wangu. Kadi nimechapa mimi, bure. Nimefika mapema nikaegesha karibu na mlango wa ukumbi, pale pembeni penye nafasi ambayo hakuna gari lingine lingeenea. Shemeji yangu mmoja akaingia na jigari lake la Kijerumani, akashusha kioo, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Shemeji, toa kiberiti chako hapo, magari yapite." Watu wakacheka. Mama mkwe akacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Usiku ule sikugusa chakula.

Imepita miaka, na mpaka leo nikipita barabara ile naisikia sauti yake. Najua huwa anasoma humu. Shemeji, habari za siku?

Miaka iliyofuata naruka, ilikuwa ni kazi na foleni. Niseme tu kwamba lile jigari liliuzwa zamani, kwa bei ambayo sitaitaja kwa heshima ya familia, baada ya kukaa gereji likisubiri spea kutoka nje. Starlet bado ipo. Nyumba yangu Chanika imefika kwenye lenta. Sisemi kwamba Starlet imejenga nyumba. Nasema hela ambayo ingeenda kwenye tairi za inchi 19 ilipanda ukutani kwa njia ya tofali, na tofali halina sensa ya kuharibika.

Kinachonishangaza ni kwamba magari haya makubwa tunayoyapapatikia mengi yamezaliwa na majina madogo. Chukua Mini. Mwaka 1956, mgogoro wa Mfereji wa Suez ulipokata njia ya mafuta, Waingereza wakawa wanagawiwa petroli kwa kuponi. Bosi wa kampuni ya BMC, Leonard Lord, akamwagiza Alec Issigonis abuni gari dogo la kweli, la kuviondoa barabarani vile vijigari vya Kijerumani vyenye umbo la kiputo. Issigonis akaulaza mtambo kwa upana badala ya urefu, gia boksi akaiweka chini ya injini zikagawana oili moja, tairi akazipunguza hadi inchi 10. Agosti 1959 likatoka gari la mita 3.05, injini cc 848, na watu wazima wanne wanaenea. Msije mkasema ni la kina mama wa sokoni tu: lilishinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967, likiwaacha wenye mitambo mikubwa kwenye theluji.

BMW walipoirudisha Mini mwaka 2001 ilikuwa na mita 3.63. Sawa, mtoto anakua. Leo kuna Mini inaitwa Countryman, ina mita 4.43. Upana wa ile ya kwanza ni mita 1.41, wa hii ni 1.84. Abiria je? Walewale wanne, wakijibana watano. Fiat 500 nayo hivyohivyo: ya 1957 haikufika hata mita 3, iliyofufuliwa 2007 ikawa na mita 3.55. Jina wamelibakiza, udogo wameuacha kaburini.

Lakini hayo ni ya Ulaya, tuje kwetu. Corolla ya kwanza, ya 1966, ilikuwa na urefu wa mita 3.85 hivi na uzito wa karibu kilo 700. Unajua gari gani la leo lina urefu huo? IST. Hiyo hiyo IST unayoiona kila kona kuanzia Mbagala mpaka Bunju, hiyo ambayo vijana wanaiita gari la kuanzia maisha, ina urefu wa gari la familia nzima la mwaka 1966, ikaongezewa sentimita kama 20 za upana na kilo kama 300. Corolla yenyewe ya sasa imepita mita 4.6. Na Yaris mpya, mjukuu wa Starlet yangu na mtoto wa Vitz, ina mita 3.94, yaani amempita urefu Corolla wa kwanza. Siku ile mtu aliponiambia nitoe kiberiti nilitamani ningekuwa nayajua haya.

Mbona Wajapani hawakukuza yote? Sheria. Kwao, gari la daraja dogo la kawaida lisizidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7, na injini ya cc 2000. Likivuka kipimo kimoja tu linahamia daraja la wakubwa. Ndiyo maana IST ya kwanza ina upana wa mita 1.695, imekaa nusu sentimita chini ya mstari kama mwanafunzi anayejua mwalimu ana rula. Ile tunayoiita IST nyumodo, ya 2007, ikafika mita 1.725 na mstari ukavukwa. Na chini kabisa kuna daraja la vijigari vyepesi, ambalo tangu 1998 halitakiwi kuzidi mita 3.4 kwa 1.48, injini cc 660. Humo ndimo alimozaliwa Kirikuu wetu. Suzuki Carry haijabaki ndogo kwa sababu ya umaskini wa mtu, imebaki ndogo kwa sababu kuna sheria iliyomshika mtengenezaji mkono. Na ndiyo gari ninaloliona likibeba friji, makochi, maji ya dumu na maiti ya mbuzi, likapita kichochoro cha Mwananyamala likatokea upande wa pili salama.

Kichochoro hicho nakijua kwa sababu napanga humo. Kuna nyumba ya kona, pembe yake imekwanguliwa mpaka tofali linaonekana, na pale kwenye mkwaruzo utaona rangi zote: nyeupe ya Harrier, fedha ya Noah, nyeusi ya mtu aliyekuja kuposa. Starlet haijaacha rangi pale. Mwenye nyumba ndiye jirani pekee anayenisalimia kwa furaha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, dada: pima. Nenda dukani nunua futi, ile ya fundi seremala, upime geti la nyumbani kwenu toka nguzo hadi nguzo. Kisha katafute upana wa gari unalolitaka, uongeze saiti mira, kwa sababu madalali wanakutajia upana wa bodi tu na hizo saiti mira watakuachia ugundue mwenyewe. Ushauri wa pili: pima tena, safari hii mahali unapoegesha kazini. Kama unafanya kazi Kariakoo kama mimi unajua habari yake. Mtaa wa Kongo au Narung'ombe saa nne asubuhi, nafasi inayopatikana ni ile iliyobaki kati ya mkokoteni na Kirikuu inayoshusha vitenge. Starlet inaingia. Gari la juu linazunguka, linazunguka, mwisho linaegeshwa mbali, mwenyewe anapanda bodaboda kurudi alikopita. Nimemshuhudia bosi mmoja akifanya hivyo na suti yake.

Nisiwe mwongo, magari haya hayajakua kwa tamaa peke yake. Sehemu kubwa ya unene ule ni usalama. Milango imewekewa vyuma vya ndani, mbele pametengenezwa pajikunje pakigongwa ili wewe usijikunje, na mikoba ya hewa inakaa kila upande. Kwenye Mini ya 1959, kitu cha kwanza kukutana na ukuta baada ya injini ni magoti yako. Starlet yangu ina breki nzuri na mkanda, basi. Nikiwa Barabara ya Morogoro na semitrela inashuka Kimara nyuma yangu sina ujasiri wowote, nakaa kushoto na kumtaja Mungu. Kama kila wiki unapanda Moro au Dodoma na watoto, tuache utani, chukua gari jipya kidogo lenye mwili, na nitakuwa wa kwanza kukupongeza.

Na lipo suala la mashimo. Huku ndiko nyote mtakakonirukia. "Kaka, wewe hujaja Goba wakati wa masika." Nimeshafika. Kweli gari la juu linapita mahali ambapo Starlet inasugua tumbo, na njia za mitaani za Goba au Kinyerezi ndani zikilowa ni haki yako kutaka kimo. Lakini angalia vizuri: kimo na ukubwa ni vitu viwili. RAV4 ya kwanza, ya 1994, ile ya milango mitatu, ilikuwa fupi kuliko IST na bado ilisimama juu. Wewe unauziwa vyote viwili kwa pamoja, na unalipia vyote viwili. Na Jangwani ikijaa maji barabara inafungwa kwa wote. Nimekaa foleni ile nikiwa nimezungukwa na magari ya mamilioni, tumezima injini, tunanunua karanga kwa kijana yuleyule.

Vijana, nisikilizeni. Ninyi ambao mshahara unaingia tarehe 25 na tarehe 28 unamtumia mtu "niazime hela ya mafuta": gari halikuongezei kimo. Ukiwa mfupi wa akiba, utakuwa mfupi juu ya siti ya ngozi. Ushuru wa kuingiza gari bandarini hapa unaangalia ukubwa wa injini na umri wa gari. Ile ada ya mwaka ya barabara ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, maana yake kila lita unayochoma unailipa serikali, na mwenye injini kubwa analipa zaidi hata akiwa amesimama kwenye foleni ya Mwenge hajasogea. Hebu pimeni. Pimeni geti, pimeni kichochoro, pimeni mshahara. Nasema pima kwa sababu hakuna anayepima. Watu wanachagua gari kwa jicho, na jicho linaazimwa kwa jirani.

Dada, usiichukulie Vitz kama adhabu. Ipeleke kwa fundi unayemwamini, bushi na shokapu zibadilishwe zote kwa mpigo, siti zishonwe upya Ilala au popote penye mshonaji mzuri, taa zisuguliwe zing'ae. Hiyo yote haitafika hata robo ya mkopo wako. Hao wa ofisini wakikuita bebi woka, waulize tu wanarejesha shilingi ngapi benki kwa mwezi. Mimi huwauliza. Huwa wanabadilisha mazungumzo.

Na kama baada ya kupima bado moyo unataka gari la juu, basi angalia saizi ya tairi iliyoandikwa ubavuni, iandike kwenye simu, nenda kwa yule muuza tairi wa mtaani kwenu anayekaa chini ya mwarobaini. Muulize kama anayo, mpya na mtumba, na bei ya zote nne. Asipokuwa nayo muulize angeitoa wapi na ingechukua siku ngapi. Fanya hivyo kabla hujampigia dalali simu ya pili.