Usipige hema jua likizama: niliyojifunza kando ya Lufira

Sufuria yetu kubwa ilikuwa imevunjika mkono mmoja, nikaufunga kwa waya wa shaba, maana Lubumbashi utakosa vyote lakini waya wa shaba hukosi. Usiku mmoja wa Novemba mto Lufira uliichukua sufuria hiyo, pamoja na kiatu changu cha kushoto na bidoni (madumu) mbili tupu. Tuliamka saa nane usiku kwa sababu mtoto alisema godoro linacheza. Lilikuwa linaelea.

Tangu siku hiyo nimelala kando ya mito ya Haut-Katanga, mkoa wetu wa kusini mwa Kongo, mara nyingi kiasi kwamba kila mvua zikikata, mwezi wa nne au wa tano, majirani zangu wa Kenya (msomaji wa Mombasa asishtuke, Kenya yetu ni komine, yaani wilaya ya mji, ya Lubumbashi) huja kuniuliza: "Ba tata, tunataka kutoka na watoto, tulale porini karibu na maji. Twende wapi?" Nami huwajibu kwamba mahali si tabu. Mashariki kuna Luapula, mpaka wetu na Zambia. Katikati kuna Lufira, inayozaliwa karibu na mpaka huo huo na kupanda kaskazini hadi kuingia Lualaba. Katikati ya hiyo miwili kuna vijito visivyohesabika vinavyoteremka kutoka milima ya Kundelungu. Tabu ni hema yako utaiweka hatua ngapi kutoka kwenye maji, na utafika hapo saa ngapi.

Nianze na saa, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea. Tulipanga kutoka alfajiri tukatoka saa nne. Bariere moja (kizuizi cha barabarani) ilitushika kwa muda mrefu kwa karatasi ambayo mpaka leo sijui ni ipi, kisha gurudumu likapasuka. Tulifika mtoni jua linazama, watoto wanalia njaa, na mbele yetu kuna mchanga mweupe, laini, kama mtu ameufagia. Pembeni muzee mmoja alikuwa anashona nyavu. Akatutazama tunavyoshusha mizigo, akasema: "Mwana yangu, pale njo kitanda ya mayi. Leo iko safari, lakini itarudia kulala." Nilicheka, nikampa sigara. Mbingu ilikuwa safi, nyota zote nje.

Kwetu haikunyesha hata tone. Ilinyesha juu huko, mbali, milimani, na mvua ile ikatufuata usiku.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: uwe umefika kabla ya saa tisa alasiri. Mtu aliyechoka huchagua mahali panapopendeza, na kando ya mto mahali panapopendeza mara nyingi ni pale mto ulipopapendezesha wenyewe. Mchanga ule ulikuwa safi kwa sababu maji huuosha. Ukiwa na mwanga wa kutosha utaona mambo mengine. Tazama matawi ya miti ya ukingoni: kama kuna majani makavu, vijiti na vipande vya plastiki vimenasa usawa wa kifua chako, basi ndipo maji yalipofika, na yatarudi. Tazama mashina: sehemu ya chini yenye rangi ya udongo na sehemu ya juu yenye rangi yake ya asili. Halafu tafuta nyumba ya karibu zaidi. Ukiona kijiji kizima kimekaa juu, na wasichana wanateremka mwendo mrefu na ndoo kichwani, ujue kuna sababu. Mimi siku hizi siweki hema chini ya usawa wa nyumba ya chini kabisa.

Mito haipandi kwa namna moja. Kijito kinachotoka mlimani hujaa kwa saa chache na kushuka kesho yake, kama mtu mwenye hasira za karibu. Mto mkubwa huja polepole, na hapo ndipo watu wa mjini tunapodanganyika. Luapula inatoka ziwa Bangweulu lenye vinamasi vikubwa, na vinamasi hivyo hushika maji kama sifongo na kuyaachia kidogo kidogo. Mvua inaweza kuwa imekwisha kabisa, wewe umeshaanza kuvaa sweta asubuhi, na kule Kasenga mto bado umejaa. Mvua ikikata, usifikiri mto nao umekata.

Kuna na mabwawa. Lufira ina mitambo ya umeme ya Mwadingusha na, chini yake, Koni. Ukilala chini ya bwawa, maji hayangoji mvua: anayeyafungua yuko kazini na hajui kama wewe upo. Hapo waulize wavuvi. Wao wanajua saa ambazo mto huvimba bila wingu.

Sasa dembo. Ndugu zetu wa nje ya Katanga huenda neno hili hawalijui: ni bonde pana lenye majani tu, bila miti, ambalo mwezi wa nane linaonekana kama uwanja wa mpira ulioandaliwa kwa ajili yako. Miti haikukataa kuota pale bure. Mvua ikija, maji yote ya pande zote hukusanyika humo, na gari linazama mpaka mlango. Hata wakati wa kiangazi dembo lina ubaya wake, nao ni baridi. Watu hufikiri Kongo ni joto tupu. Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai ni wa kugongesha meno. Hewa ya baridi ni nzito, huteremka na kulala bondeni. Panda kidogo tu hadi pale miti inapoanzia na utahisi tofauti kwenye masikio. Shemeji yangu hakuniamini, akalala chini "kwa sababu ni tambarare". Saa kumi alfajiri tulimkuta amekumbatia mbabula (jiko la makaa) iliyozimika.

Vichuguu vyetu vikubwa, vile virefu kuliko nyumba, vinasaidia kusoma ardhi: wenyeji hupanda mahindi juu yake kwa sababu hapatuami maji. Lakini usiegemeze hema kwenye kichuguu, hasa mvua za kwanza zinapokaribia. Jioni inswa watatoka kwa maelfu (pwani mnawaita kumbikumbi), na kila anayewapenda atawafuata: vyura, nyoka, na watoto wa kijiji wenye taa na mabeseni. Hao wa mwisho ni wageni wazuri, na inswa wa kukaanga ni kitoweo.

Kiboko nampa nafasi yake mwenyewe, kwa sababu watu wa mjini wanamwogopa mamba peke yake. Mamba yuko kwenye maji na ukingoni: usichote mahali pamoja kila siku saa ile ile, usiache mtoto aoge peke yake, chota pale wenyeji wanapochota. Lakini kiboko usiku hatakukuta majini, atakukuta kitandani. Jua likizama hutoka kwenda kula majani, na kabla ya kucha hurudi, na hupita njia zile zile. Njia yake huijua ukiiona mara moja: mifereji miwili sambamba, na katikati mgongo wa majani, kama gari dogo limepita, ila inaishia majini ambako gari haliendi. Karibu na maji utakuta mavi yaliyopigwa huku na huku kwenye vichaka, maana huyatawanya kwa mkia. Ukiona hayo, ondoka hapo. Usiseme "tutawasha moto". Kinachomkasirisha zaidi kiboko ni kumkatia njia ya kurudi majini, na hema yako kwenye njia yake ndiyo ukuta wenyewe.

Maji ya kunywa. Sisi watu wa shaba tumezoea kusema "chemsha tu". Kuchemsha kunaua vijidudu, ni kweli, lakini hakuondoi madini, hata kidogo. Ukichemsha sana maji yanapungua na madini yanabaki. Mto uliopita viwanda vya Likasi, au Kafubu baada ya kupita mjini kwetu, mimi sinywi hata ukiwa unang'aa, wala samaki wake siwapi watoto. Nabeba maji kutoka nyumbani, lita tano kwa mtu kwa siku kwa kunywa na kupika, na mto nautumia kwa macho. Vijito vya milimani ambavyo juu yake hakuna mgodi ni habari nyingine: hayo nachemsha na kunywa. Kuoga nako kuna kichocho. Konokono wake wanapenda maji yaliyotulia, yenye matete. Kama ni lazima kuoga, chota, yaache kwenye chombo safi siku mbili, ndipo uoge. Wanangu wanalalamika. Walalamike.

Siku hizi kuna na sehemu za kulipia, zenye ua na mlinzi. Nyingine nzuri sana. Moja, sitaitaja, ilitugharimu pesa na usingizi: kwenye simu waliniambia kuna choo na kisima, na kweli vyote viwili vilikuwepo, choo juu ya mteremko na kisima chini yake. Muziki ulilia mpaka alfajiri. Tangu hapo nikipiga simu siulizi "mna maji?" kwa sababu kila mtu atajibu ndiyo. Nauliza maji yanatoka wapi, choo kiko upande gani wa kisima, Jumamosi kuna sherehe, na mvua ikinyesha gari dogo linatoka? Hili la mwisho ni kubwa kuliko yote. Barabara ya udongo mwekundu unayoipita kwa saa moja unapokwenda inaweza kukushika siku mbili unaporudi. Naomba pia picha ya leo, iliyopigwa saa hiyo hiyo. Anayekataa amenijibu.

Pasipo na ua pana mwenyewe pia. Usishushe hata mkeka kabla hujamwona chefu wa kijiji. Nenda na chumvi, sukari, sabuni; kaa, ongea, kunywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ukipewa; ndipo uombe, na umwombe akuchagulie yeye mahali. Hii haigharimu sana na inakupa mambo mawili: mtu anayeujua mto amekuonyesha pakavu, na kijiji kizima kinajua wewe ni mgeni wa nani. Mwulize pia kuhusu usalama wa njia wiki hii, si mwaka jana. Bebeni kadi za mpiga kura, ndizo kitambulisho chetu. Ukiingia hifadhi, ruhusa ni ya ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi, itafute ukiwa bado mjini.

Sasa mnaniuliza mimi napenda wapi. Wengi wanataka Lofoi, katika hifadhi ya Kundelungu iliyoundwa mwaka 1970, na wana haki: maji yanaanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja, shingo inauma kuyatazama. Lakini Lofoi ina hila yake. Wakati wa mvua maporomoko ni makubwa na njia haipitiki. Septemba njia ni nzuri na maporomoko yamebaki uzi. Nenda mwisho wa Mei au Juni, njia ikianza kukauka na maji hayajakonda. Agosti na Septemba kuna na moto wa nyika: ukilala porini miezi hiyo, fyeka na ufagie duara kubwa mpaka udongo uonekane, hata kama hukuona moshi popote.

Moyo wangu uko Kiubo, hata hivyo. Pale Lufira nzima inajimwaga kwenye mwamba mpana, na usiku unasikia ardhi inanguruma chini ya mgongo. Lala mbali kidogo na maporomoko yenyewe, kwa sababu mvuke unalowesha hema na mablanketi, na kwa sababu kelele ile inaficha sauti nyingine zote ambazo ungetaka kuzisikia.

Mwaka uliofuata baada ya mafuriko yetu tulirudi kwa yule muzee. Safari hii tulifika saa saba mchana, na yeye ndiye aliyetupeleka juu, chini ya miti, mahali ambapo nisingepatazama mara mbili. Jioni alituita tule kwake. Mke wake alipakua bukari (ugali wetu) na makambale kutoka kwenye sufuria kubwa nyeusi, na mama watoto akanibonyeza goti. Mkono wa sufuria ulikuwa umefungwa kwa waya wa shaba. Hatukusema kitu. Tuliomba tuongezewe.