Mama mkwe wako yuko sahihi, wahi hospitali

*Barua, kwa ufupi:* Shangazi, wiki tatu zilizopita nilitoga sikio saluni, tundu moja kwenye ndewe na jingine juu. Yote yamevimba na yanatoa usaha. Nasafisha kwa spiriti na kumwagia unga wa kapsuli za amoksilini, lakini wapi. Mume wangu amenuna, na mama mkwe ananisimanga kila siku nivue hereni niende hospitali. Nanyonyesha mtoto wa miezi 7. Nitibu vipi hapahapa nyumbani, na hawa watu niwafanyeje? *Mwenye Maumivu, Tanga*

Pole mwanangu. Sikio likipwita usiku halilaliki.

Sasa tuambizane ukweli. Katika barua yako mama mkwe amepata kurasa mbili, sikio mistari minne. Na katikati umechomeka kwamba mumeo aliyaona matundu hayo siku ya kumi, mtandio ulipokuvuka. Siku kumi mke anajifunika ndani ya nyumba yake! Usiniambie mwanamume huyo kanunia hereni. Kanunia kufichwa, na hela uliyoiita "akiba yangu kidogo" bila kusema ilitoka wapi. Ndoa za siku hizi zimejaa siri za namna hii: kikoba hakitajwi, mkopo wa kausha damu unajulikana siku wanapokuja kubeba televisheni. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na huyo mama unayemlalamikia ndiye pekee aliyekutajia hospitali.

Matundu yako ni mawili na hayatibiwi sawa.

La kwenye ndewe ni nyama yenye damu ya kutosha, hilo unaweza kulihudumia nyumbani. Acha spiriti leo, inaunguza nyama mpya inayojaribu kuziba kidonda. Acha na unga wa kapsuli: unaganda juu, usaha unabaki chini. Nunua duka la dawa maji ya dripu ya chumvi, yale ya asilimia 0.9, ukishafungua chupa, yaliyobaki yamwage baada ya siku moja. Ukiyakosa, chemsha maji, pima kikombe kimoja cha mililita 250, tia robo kijiko cha chai cha chumvi laini, koroga, yapoe yawe vuguvugu. Usizidishe chumvi ukidhani ndiyo dawa kali, itakausha ngozi ipasuke. Nawa mikono kwa sabuni, lowesha gozi safi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, iweke mbele na nyuma ya ndewe dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni. Ukoko ukilainika ufute, usiubandue kwa ukucha. Kausha kwa gozi jingine safi. Pamba huacha nyuzi zinazojiviringisha kwenye hereni, na taulo la nyumba nzima lina vijidudu vya nyumba nzima. Hereni usiizungushe. Kishikizo cha nyuma kikibana, kilegeze kidogo.

Hapa tu ndipo mama mkwe kakosea: hereni usiivue mwenyewe. Tundu huziba kwa nje, usaha ukafungiwa ndani, ukapata jipu. Siku 2 au 3 zikipita bila nafuu, na ndewe nayo ionwe na daktari.

Tundu la juu halingoji siku hizo. Pale ni gegedu, ile sehemu ngumu inayokunjika ya sikio, haina mishipa yake ya damu, inalishwa na utando mwembamba unaoifunika. Usaha ukijaa chini ya utando huo, gegedu inakosa chakula, inakufa, na sikio linajikunja lisirudi umbo lake tena. Bastola ya saluni inaweza kuipondaponda inapotoboa, na mwili wake wa plastiki hauvumilii mtambo wa mvuke unaoua vijidudu. Kijidudu kinachopenda gegedu ni Pseudomonas, na amoksilini unayomwagia haikigusi. Kwa hiyo hospitali ni leo. Mwambie daktari unanyonyesha, maana dawa atachagua kwa kuangalia hilo. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, ligusie sikio mgongo wa kiganja: likiwa la moto kuliko la pili, limeng'aa na limekaza, usisubiri jioni. Homa ikianza au uvimbe ukishuka shingoni, nenda hata usiku wa manane.

Kabla hujatoka, mwonyeshe mumeo sikio lote, mbele na nyuma, umwambie hela ilitoka wapi, kisha mwombe akusindikize. Mtoto mwachie bibi yake.