Wino wa sola na bati la banda la kuku

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Kuna fundi ananiuzia "wino wa nano" nipake juu ya bati la banda la kuku lizalishe umeme. Anasema ufanisi wake ni asilimia 26, zaidi ya paneli yangu ya zamani. Nipake mikono mingapi?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Marahaba. Usipake hata mmoja.

Hiyo asilimia 26 ipo kweli, na ndiyo inayowapa matapeli pa kujifichia. Imepatikana maabarani, kwenye seli (vipande vya kugeuza mwanga kuwa umeme) za perovskaiti, fuwele zinazonyonya mwanga na zinazoweza kutengenezwa kwa wino; nyingi ya seli hizo hazizidi ukubwa wa ukucha. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani walianza na asilimia 3.8, na seli zao zilikufa upesi. Kazi iliyofanyika tangu hapo naiheshimu sana. Ila ufanisi hupimwa kwa seli nzima. Wino hauna ufanisi!

Mwanga ukipiga perovskaiti, elektroni huchomoka. Zisipokuta upande mmoja tabaka la kuzipokea, mara nyingi chembe ndogo mno za oksidi ya titani, za nanomita 20 hivi, na upande wa pili tabaka la kupokea chaji chanya, hurudi zilikotoka na wewe unabaki na joto. Perovskaiti yenyewe ina unene wa nusu maikromita tu, yaani nusu ya elfu moja ya milimita. Kitundu cha ncha ya sindano kinatosha kupiga shoti. Sasa leta brashi, bati la migongo na kutu.

Halafu kuna unyevu, na wewe uko pwani. Seli nyeusi ikivuta maji hugeuka njano. Njano ile ni iodidi ya risasi, na risasi, ile metali, ni sumu. Mvua ikinyesha, maji ya bati hilo nani atayanywa? Kuku, kisha wewe na mayai yao.

Kila wiki naulizwa asilimia; hakuna anayeuliza itadumu saa ngapi. Anayekuuzia sola yoyote ya kuchapwa, mwambie akuonyeshe cheti cha kipimo cha saa 1,000 kwenye joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85. Paneli za kawaida za silikoni hupita hapo. Hata Oxford PV, kampuni ya Uingereza ya sola za perovskaiti, walioanza kuuza mwaka 2024, perovskaiti yao imelala juu ya silikoni, imezibwa ndani ya paneli. Hawauzi chupa.

Hiyo paneli ya zamani ioshe vumbi, kisha fundi mwingine aipime volti saa sita mchana. Mara nyingi kilichochoka ni betri.