Mbwa wa miaka 11 mwenye uvimbe kwenye titi: apasuliwe au aachwe?

Dada, nimekusoma. Jike wako ni chotara wa German Shepherd, ana miaka 11, hajawahi kufungwa kizazi, na kwenye titi la nyuma ana uvimbe mgumu unaofika ukubwa wa ndimu. Daktari anataka kumpasua. Mumeo anasema mbwa mzee hivyo apigwe sindano apumzike. Mimi nimepita njia zote mbili: mbwa wangu Rita nilikubali apasuliwe, mwingine, Simba, nilikataa aendelee kutibiwa, na mpaka leo sijutii hata moja. Nitaandika kwa kirefu kidogo, nivumilie.

Miaka 11 kwa mbwa mkubwa ni uzee kweli, wakubwa huwahi kuchoka kuliko koko wadogo wanaofika 14 au 15. Ila mbwa hafi mezani kwa sababu ya miaka. Anakufa kwa sababu moyo ulikuwa dhaifu, figo zilikuwa zimechoka au damu ilikuwa pungufu na hakuna aliyepima kabla ya kumpa nusukaputi. Kwa hiyo daktari akikuambia "tumlete Jumamosi tumpasue" bila kupima damu wala kusikiliza moyo, mwombe avifanye kwanza. Asipotaka, tafuta mwingine. Madaktari wengi huku mazoea yao ni ng'ombe na kuku, na hilo si kosa lao, lakini wewe unahitaji aliyezoea kupasua mbwa. Mimi Rita nilimpeleka hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapa Morogoro. Ukiwa upande wa Nairobi, chuo kikuu kina kitivo cha tiba ya wanyama Kabete.

Halafu kupe. Hili naliwekea mkazo kwa sababu nimeona mbwa wengi wakiitwa wazee kumbe wanaumwa. Rita alikuwa amepoa, anaacha chakula, anainuka kwa shida, na kila aliyekuja nyumbani alisema umri umefika. Ukimfunua mdomo, fizi zilikuwa zimepauka. Damu ilipopimwa kwa hadubini akakutwa na ehrlichia, ugonjwa unaoletwa na kupe. Ugonjwa huu hushusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, kwa hiyo mbwa akipasuliwa akiwa nao anaweza kuvuja damu isizuilike. Alitumia antibiotiki ya doksisaiklini wiki nne, akarudi kukimbiza kuku wa jirani. Ndipo tukageukia uvimbe wake.

Uvimbe wa titi kwa jike asiyefungwa kizazi ni wa kawaida sana, na takriban nusu yake huwa saratani. Nusu nyingine hauna shida kubwa. Kwa macho huwezi kutofautisha, ila ukubwa unasaidia kukisia: ulio chini ya sentimita 3 una matumaini mazuri zaidi, na wako naona umefika mpakani au umepita kidogo, kwa hiyo usikae nao miezi ukiutazama. Daktari apapase matiti yote kumi, maana mara nyingi kunakuwa na vingine vidogo ambavyo hujaviona, na apapase mitoki ya kwapani na kinenani. Kisha eksirei ya kifua. Saratani hii hupenda kwenda kwenye mapafu, na ikishafika huko, kumpasua titi ni kumwongezea kidonda bila kumwongezea maisha. Pia kama matiti yamevimba kwa pamoja, yana joto, yamekuwa mekundu na yanauma akiguswa, hiyo ni aina mbaya sana ambayo kisu hakiisaidii.

Rita mapafu yalikuwa safi. Alipasuliwa, akavalishwa kola ya plastiki asilambe, nyuzi zikatolewa baada ya wiki mbili hivi. Siku chache za mwanzo zilikuwa ngumu, alilia usiku, nililala naye varandani. Baada ya hapo aliishi zaidi ya miaka miwili, akila vizuri na kubweka getini kama kawaida.

Simba alikuwa jambo tofauti kabisa. Alianza kunywa maji mengi na kukojoa sana, akakonda, mdomo ukawa na harufu kali na vidonda. Ni figo. Kipimo cha kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, kinapopanda, sehemu kubwa ya figo, kama robo tatu, tayari imeshapotea, na hairudi. Alitundikiwa dripu, akapata nafuu kidogo, akarudi kutapika. Daktari alikuwa tayari kuendelea. Mimi nilitumia kipimo cha Alice Villalobos, daktari wa wanyama wa Marekani, cha mambo saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri bado ni nyingi kuliko mbaya. Kila moja unalipa alama 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 unaweza kuendelea kumtunza. Simba hakukaribia. Nikaomba apumzishwe.

Kwa hiyo mumeo asionekane katili. Sindano ikifanywa sawasawa ni huruma: anapewa kwanza dawa ya kumtuliza, kisha dawa nyingi ya usingizi kwenye mshipa, na ndani ya dakika chache amekwenda. Sumu hapana, kamwe, hata mtu akikuambia ni bei rahisi. Na mzikeni shimo refu, maana dawa ile inabaki mwilini na mnyama mwingine akimfukua atadhurika. Ila mwambie mumeo kwamba hilo ni la mbwa anayeteseka bila njia ya kutoka, na wa kwenu, kwa ulivyoeleza, anakula, anatembea na anampokea getini.

Wakati mnasubiri vipimo msimpe dawa za maumivu za binadamu. Diklofenaki na ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo, na parasetamoli huharibu ini. Kuna dawa za maumivu wanazopewa mbwa, meloksikamu na kaprofeni, lakini daktari ndiye apime kiasi, na zisichanganywe na dawa ya steroidi kama predinisoloni.

Kuhusu pesa, omba bei ikiwa imegawanywa: vipimo, nusukaputi, upasuaji, dawa za nyumbani, kutoa nyuzi. Anza na damu na eksirei tu. Hiyo ndiyo pesa ndogo, na ndiyo inayoamua kama ile kubwa ina maana. Muulize pia kama anaweza kumfunga kizazi siku hiyohiyo, kwa sababu jike mzee asiyefungwa anaweza kupata usaha kwenye mfuko wa uzazi, na huo ni dharura inayoua haraka.

Majibu ya eksirei yakitoka yaandike hapa, pamoja na uzito wake na rangi ya fizi.